Hukwe Zawose

Hukwe Ubi Zawose (takriban 1938 – 30 Desemba 2003) alikuwa mwimbaji, mpigaji wa ilimba na mwalimu wa muziki wa asili kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa sauti yake, iliyoweza kushuka hadi mngurumo mzito wa kooni na kupanda hadi sauti nyembamba ya juu ndani ya wimbo mmoja, na kwa kuufikisha muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya kimataifa.

Maisha ya awali

Zawose alizaliwa katika kijiji cha Doguli, Mkoa wa Dodoma. Alikuwa wa kabila la Wagogo, ambao ni wakulima na wafugaji wa uwanda wa juu wa kati wa Tanzania. Eneo lao, Ugogo, ni nchi kavu yenye mvua chache. Linaanzia Mpwapwa upande wa mashariki na kuendelea hadi Manyoni upande wa magharibi. Muziki alijifunza kwanza kwa baba yake.

Sauti na ala

Kwa Wagogo uimbaji huambatana na shughuli za maisha, kama vile jando, mavuno na kuomba mvua. Waimbaji huimba kwa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, na mara nyingi mmoja huruka ghafla kutoka sauti nene hadi nyembamba. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria alieleza kwamba ngazi ya muziki wao inatokana na harmoniki, yaani sauti za juu zinazosikika ndani ya sauti moja ya msingi. Ndiyo maana uimbaji wa Kigogo hutambulika upesi hata kwa msikilizaji asiyejua lugha.

Zawose alitumia mbinu hizo zote akiwa peke yake: aliimba kwa kifua, kwa koo na kwa pua, akibadilisha sauti bila kusimama. Aliimba kwa Kigogo na Kiswahili, na mara nyingi alijipigia ilimba, ambayo ni marimba kubwa ya mkono yenye vyuma vingi vyembamba juu ya sanduku la mbao. Tundu la sanduku hilo hufunikwa na utando wa mayai ya buibui ili ala itoe mvumo. Alipiga pia zeze.

Kazi

Katika miaka ya 1960 Rais Julius Nyerere alimwalika Dar es Salaam. Wakati huo serikali ilitaka ngoma za makabila ziwe mali ya taifa zima. Hatua hiyo ilimpa Zawose hadhira mpya, lakini pia ilibadilisha muziki wenyewe: nyimbo zilizokuwa na wakati na mahali pake kijijini sasa zilipigwa jukwaani mbele ya watu wasiokuwa sehemu ya shughuli hizo.

Baadaye alihamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981. Wanafunzi kutoka makabila mbalimbali walijifunza kwake muziki wa Kigogo, ambao awali mtoto aliupata kwa wazee wake tu.

Nje ya nchi alijulikana kupitia albamu ya Tanzania Yetu (1985) na maonyesho ya tamasha la WOMAD. Akiwa na mpwa wake Charles Zawose alirekodi Chibite (1996) kwa kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel. Albamu ya Assembly, aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook, ilitoka mwaka 2002.

Kifo na urithi

Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003. Charles, aliyetazamiwa kumrithi, alifariki mwaka uliofuata. Kwa muda mfupi familia ilipoteza waimbaji wake wawili waliojulikana zaidi duniani.

Hata hivyo watoto, wajukuu na ndugu zake wengine waliendelea kuimba na kutengeneza ala mjini Bagamoyo. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijulikana kama The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha kwa Real World. Kwa muda mrefu wanawake wa familia hiyo walikuwa wakiitikia nyuma ya wanaume. Katika albamu hiyo ndio wanaoongoza.