Alijifunza Kuridhika: Maisha ya Fanny Crosby

Soma: Habakuki 3:17, 18; Wafilipi 4:11–13; 1 Timotheo 6:6–8; 2 Wakorintho 1:3, 4; 1 Wathesalonike 4:13–17.

Wengi wetu tumeimba nyimbo za Fanny Crosby bila kulijua jina lake. Ule wimbo wa kumsihi Mwokozi asimpite mwenye dhambi anayemlilia ni wake. Na ule wa furaha ya mtu aliyepata dhamana ya wokovu ni wake pia. Tunapoziimba nyimbo hizi Sabato asubuhi, ni rahisi kudhani kwamba aliyeandika maneno ya furaha kiasi hicho aliishi maisha mepesi. Haikuwa hivyo.

Mtoto aliyeazimia

Frances Jane Crosby alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na umri wa majuma sita hivi aliugua macho. Mtu mmoja aliyejiita tabibu alimkanda kwa dawa ya moto ya haradali. Mtoto akabaki kipofu, na jamaa zake waliamini kwamba dawa ile ndiyo iliyomwondolea nuru. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, baba yake akafa. Mama yake, Mercy, mjane kijana, akalazimika kwenda kufanya kazi za ndani katika nyumba za watu ili wapate chakula.

Fanny alilelewa zaidi na bibi yake, Eunice. Bibi huyu akawa macho yake. Alimtembeza shambani na vilimani, akimweleza rangi za mawingu, umbo la majani na ndege wa kila aina. Jioni alimsomea Biblia. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, mama yake alimpeleka kwa daktari bingwa mjini New York. Jibu likawa kwamba hakuna tiba.

Alipofika miaka minane, Fanny alitunga shairi dogo. Humo alisema kwamba hatalia wala kusikitika kwa ajili ya upofu wake, bali ataridhika. Kisha akaanza kuijaza akili yake Neno la Mungu. Mwanamke mmoja Mkristo aliyeishi naye nyumba moja alimsaidia kukariri sura kadhaa kila juma. Alipofika umri wa miaka 15 alikuwa ameviweka moyoni vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na zaburi nyingi. (Soma Zaburi 119:11.)

Azimio la mtoto yule lilikuwa jema. Lakini je, azimio peke yake linatosha?

Azimio lilipofika mwisho

Mwaka 1835 Fanny aliingia katika shule ya vipofu mjini New York, na baadaye akawa mwalimu hapo, akifundisha sarufi na historia. Alisifiwa kwa mashairi yake, na watu wakubwa walikuja kumsikiliza. Mtu angeweza kusema kwamba amekwisha kuushinda upofu wake.

Mwaka 1849 ugonjwa wa kipindupindu uliingia mjini. Fanny hakukimbia. Alibaki shuleni akisaidia kuwahudumia wagonjwa, na akawasikia baadhi yao wakikata roho. Nguvu zikamwishia. Pale kando ya vitanda vya wanaokufa alitambua jambo ambalo sifa za watu zilikuwa zimelificha: alizijua sura nyingi za Biblia kwa moyo, lakini hakuwa na amani. Alikuwa amejifunza kutolalamika, lakini hakuwa amejitoa.

Novemba 1850 alihudhuria mikutano ya uamsho ya Wamethodisti. Mara mbili alikwenda mbele kuombewa, na mara mbili akarudi alivyokuja. Mara ya tatu, waumini walipokuwa wakiimba wimbo wa Isaac Watts juu ya msalaba, walifika mahali ambapo mwimbaji anajitoa mwenyewe kwa Bwana kwa kuwa hana kingine cha kutoa. Hapo Fanny akaelewa. Kwa miaka mingi alikuwa ameushika ulimwengu kwa mkono mmoja na Bwana kwa mkono wa pili. Siku ile aliachilia. Alikuwa na umri wa miaka 30.

Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi habari za kuridhika kwake, hakusema kwamba alizaliwa nako. Alisema amejifunza, na kwamba nguvu zilitoka kwa Kristo. Kuna kuridhika kunakotokana na kukaza meno. Hukusaidia kwa muda, kisha hukuacha njiani siku msiba unapokuwa mzito kuliko nguvu zako. Na kuna kuridhika ambako ni tunda la kujikabidhi kwa Yeye asiyebadilika.

Huzuni isiyofichwa

Kuongoka hakukumwondolea Fanny mateso. Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, mwanamuziki ambaye pia alikuwa kipofu. Walimpata mtoto mmoja, naye akafa akingali mchanga. Fanny hakulizungumzia jambo hilo mara nyingi. Kuna maumivu ambayo mwenye nayo humsimulia Mungu tu.

Tulitafakari hili kwa makini, kwa sababu mara nyingi tunawajeruhi wenzetu tukidhani tunawafariji. Tunamwambia aliyefiwa asilie, kana kwamba machozi ni upungufu wa imani. Habakuki hakusema kwamba mizabibu ilikuwa imezaa; alisema kwamba hata isipozaa atamfurahia Bwana. Furaha ya Mkristo haikani kwamba zizi ni tupu.

Mwaka 1868 mtunzi wa muziki, William Doane, alifika kwake akiwa na dakika 40 tu kabla ya treni yake kuondoka. Alikuwa na tuni, akaomba maneno. Alipomaliza kuicheza, Fanny alikwenda chumba cha pili, akapiga magoti, na baada ya muda mfupi akarudi na wimbo kamili juu ya usalama ulioko mikononi mwa Yesu. Kwa miaka mingi wimbo huo uliwafariji akina mama waliofiwa na watoto. Aliyeufariji moyo wao alikuwa mama aliyeijua njia ile. Mungu hakumwondolea jeraha. Alilifanya kuwa mahali pa kuwahudumia wengine.

Maskini mwenye kutajirisha wengi

Fanny alianza kuandika nyimbo za injili mwaka 1864, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Kabla ya kifo chake aliandika zaidi ya 8,000. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba wachapishaji walizitoa chini ya majina mengi ya kubuni, ili kitabu kisionekane kuwa cha mtu mmoja. Kwa kawaida alilipwa dola moja au mbili kwa wimbo, hata pale nyimbo hizo zilipowaletea wengine faida kubwa.

Sehemu kubwa ya kile kidogo alichopata alikigawa. Aliishi katika nyumba za kupanga kwenye mitaa ya maskini ya Manhattan, karibu na walevi na watu wasio na makao. Alizitembelea nyumba za uokoaji zilizowapokea watu hao, akaketi nao, akawaita wanawe. Aliingia magerezani pia, na huko ndiko lilikotoka wazo la ule wimbo wa kumwomba Mwokozi asipite, baada ya kumsikia mfungwa akimlilia Bwana asimwache.

Ndoa yake nayo haikukosa majaribu. Katika miaka ya baadaye yeye na mumewe waliishi mbalimbali, ingawa walibaki na urafiki hadi mumewe alipofariki mwaka 1902. Fanny hakuwa malaika. Alikuwa mwanamke mwenye mizigo kama yetu, aliyejua mahali pa kuitua.

Na yule mtu aliyemkanda macho? Fanny alisimulia kwamba hakuwahi kumwekea kinyongo. Aliamini kwamba Mungu aliutumia upofu wake kwa kazi ambayo huenda asingeifanya kama angeona. Hakusema kwamba kosa lile lilikuwa jema. Alikataa tu kuliruhusu litawale maisha yake.

Uso wa kwanza

Fanny alifariki tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, Connecticut, akikaribia kutimiza miaka 95. Alipenda kueleza faida moja ya kuishi bila kuona: kwamba uso wa kwanza atakaouona kwa macho yake utakuwa uso wa Mwokozi.

Sisi tunaoamini kwamba wafu wamelala wakingoja sauti ya Bwana tunaipata picha hiyo kwa uzito wa pekee. Kati ya giza la miaka 94 na asubuhi ya ufufuo, kwake hapatakuwa na kitu. Atafumbua macho mara moja, na macho hayo yatakuwa mazima. Huo ndio msingi wa kuridhika kwetu pia. Hatuambiwi kwamba hali tuliyo nayo inatosha. Tumepewa Kristo, naye anatosha katika hali tuliyo nayo, hata atakapokuja.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kuridhika na kukata tamaa? Fanny alilipwa kidogo kuliko alivyostahili. Je, kuridhika kunamzuia Mkristo kutetea haki, yake au ya wengine?

2. Fanny aliijua Biblia miaka mingi kabla ya kujitoa. Je, inawezekana mshiriki wa muda mrefu wa Shule ya Sabato akawa katika hali hiyo? Atajuaje?

3. Soma tena 2 Wakorintho 1:3, 4. Fikiria mtu mmoja katika darasa lako au jirani yako aliye katika huzuni juma hili. Utafanya nini kumsaidia bila kumnyima nafasi ya kulia?