Arthur Pearson: Mwanagazeti asiyeona aliyewafungulia askari vipofu mlango wa elimu

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita Kahawa, Ruiru na Juja kabla ya kuingia katika mji ambao kwa watu wengi sifa yake ni mananasi na viwanda. Katika mji huo ipo shule ya wasioona iliyoasisiwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, ya kwanza ya aina yake katika Afrika Mashariki. Wengi waijuao hudhani kwamba ilianzishwa kwa ajili ya watoto. Sivyo. Ilianza kama kituo cha kuwafunza stadi za maisha askari waliopofuka katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na watoto wakafuata baadaye.

Wazo la kwamba askari aliyepoteza macho anadaiwa na nchi yake elimu, wala si malipo ya mkono peke yake, halikuzaliwa Thika. Lilipata umbo lake jijini London mwaka wa 1915, na aliyelipa umbo hilo hakuwa jemadari wala waziri. Alikuwa mwenye magazeti, tena kipofu, jina lake Cyril Arthur Pearson.

Pearson alizaliwa Februari 24, 1866, katika kijiji cha Wookey, eneo la Somerset nchini Uingereza. Babake alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Kijana huyo alisoma katika shule ya Winchester, mojawapo ya shule zenye sifa kubwa nchini humo, lakini hakuendelea hadi chuo kikuu. Riziki yake aliipata kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka wa 1884 gazeti la Tit-Bits la George Newnes lilitangaza shindano la maswali ya maarifa ambalo zawadi yake ilikuwa kazi ya ukarani yenye mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Pearson alikuwa akipanda baiskeli mwendo wa maili nyingi hadi maktaba ya mji wa Bedford, mara tatu kwa wiki, kutafuta majibu. Akashinda. Haukupita muda mrefu akawa meneja wa gazeti lenyewe.

Mwaka wa 1890 alijitenga na kuanzisha gazeti lake, Pearson's Weekly, ambalo toleo lake la kwanza liliuza nakala robo milioni. Miaka miwili baadaye alianzisha mfuko wa kuwapeleka mashambani watoto maskini wa mijini ili wapate hewa safi japo kwa siku moja. Aprili 24, 1900, akatoa gazeti la Daily Express, lililouzwa nusu peni na kuweka habari katika ukurasa wa kwanza wakati ambapo magazeti mengi ya Uingereza yaliuachia ukurasa huo matangazo ya biashara. Mwaka wa 1904 alinunua The Standard. Kampuni yake ndiyo iliyochapisha mwaka wa 1908 kitabu cha skauti cha Robert Baden-Powell, yule mzee ambaye kaburi lake liko Nyeri. Ni yeye pia aliyekuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Joseph Chamberlain katika kampeni ya kutoza ushuru bidhaa za nje. Kwa ufupi, alikuwa mtu wa pupa, mwepesi wa kubuni na mwepesi zaidi wa kuchoka na alichobuni.

Macho ndiyo yaliyomsimamisha. Alikuwa akiugua glakoma, maradhi ya presha ya macho ambayo huiba nuru pole pole na hairudi tena. Alifanyiwa upasuaji mwaka wa 1908 lakini haukufua dafu. Akaanza kuuza magazeti yake moja baada ya jingine, na kufikia mwaka wa 1913 alikuwa gizani.

Hapa ndipo habari za Pearson zinapoanza kuwa na uzito. Mtu wa mali kama yeye angeweza kukaa nyumbani akasomewa magazeti na watumishi. Badala yake alijitia katika taasisi ya kitaifa ya vipofu, kwanza akiwa mweka hazina, na mwaka wa 1914 akawa rais wake. Ujuzi aliotumia kuuza magazeti sasa aliutumia kuomba fedha, na katika muda wa miaka minane mapato ya taasisi hiyo yalipanda kutoka pauni 8,000 hadi pauni 360,000. Hata hivyo, kabla ya kufika huko, vita vilikuwa vimezuka.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vita vya mahandaki, vipande vya makombora na gesi ya sumu. Vilipofua vijana wengi. Serikali ya Uingereza ilikuwa na pensheni kwa ajili yao, na kwa mazoea ya wakati huo shauri lilikuwa limekwisha: askari alipokea fedha zake, akarudi kwa mamake au kwa mkewe, akaketi kando ya moto. Pearson aliona kwamba fedha peke yake zingemfanya kijana wa miaka ishirini kuwa mzee. Mapema mwaka wa 1915 aliunda kamati ya kuwatunza askari na mabaharia waliopofuka, akafungua nyumba ndogo London, na mwezi wa Machi wakahamia jumba la St Dunstan's lililokuwa katika bustani ya Regent's Park, ambalo benki tajiri wa Marekani, Otto Kahn, aliwaazima.

Utaratibu wa St Dunstan's ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutenda. Askari alikaa pale kwa miezi kadhaa bila kulipa chakula, malazi wala mafunzo. Pensheni yake ilibaki kuwa yake. Siku alipoingia alipewa saa ambayo aliweza kuipapasa mishale yake kwa kidole, ili jambo la kwanza asilolazimika kumuuliza mtu mwingine liwe ni wakati. Kisha alijifunza kusoma maandishi ya Braille, yaani nukta zinazosomwa kwa ncha za vidole, na kupiga taipureta. Baada ya hapo alichagua kazi: useremala, kushona viatu, kusuka vikapu na mikeka, kufuga kuku, kukanda misuli ya wagonjwa, kupokea simu. Miongoni mwa walimu walikuwamo vipofu wenyewe, na hilo lilikuwa somo tosha kwa kijana aliyeingia akidhani kuwa maisha yake yamefikia kikomo.

Alipohitimu hakuachwa njiani. Aliwekewa duka, au karakana, au banda la kuku, na idara maalumu ikaendelea kumpatia malighafi na kumtafutia soko la bidhaa zake. Hili ndilo jambo ambalo wengi waliokuja kuiga mfano wa Pearson walilisahau. Kumfunza fundi asiyeona kutengeneza kikapu si kazi kubwa. Kazi ni kumpata mnunuzi wa kikapu hicho mwaka wa tano, wakati nchi imekwisha kusahau vita.

Zaidi ya wanajeshi 1,500 walipitia mikono hiyo. Mmoja wao alikuwa Ian Fraser, aliyepigwa risasi katika mapigano ya Somme mwaka wa 1916 akiwa na umri wa miaka 18. Mwingine ni Clutha Mackenzie wa New Zealand, aliyepofuka Gallipoli mwaka wa 1915 na ambaye miongo kadhaa baadaye aliongoza Baraza la Dunia la Braille, lililojaribu kuleta upatanifu katika maandishi hayo kwa lugha mbalimbali za dunia. Pearson mwenyewe alipewa cheo cha baroneti mwaka wa 1916, na mwaka wa 1919 akatoa kitabu kueleza jinsi kipofu anavyoweza kujitegemea.

Walakini sifa hizi zina upande wa pili, na haifai kuufunika. Umma wa Uingereza ulimpa Pearson fedha kwa sababu aliwaombea mashujaa. Mfumaji wa Manchester aliyepofuka kiwandani, au mtoto aliyepofushwa na maradhi, hakuwa shujaa wa mtu yeyote. Aprili 1920 wafanyakazi vipofu kutoka pande mbalimbali za nchi, wakiongozwa na chama chao, waliandamana kwa miguu hadi London kudai kwamba serikali iwatunze kwa sheria badala ya kuwaachia wahisani. Mwaka huo huo bunge lilipitisha Sheria ya Vipofu, iliyopunguza umri wa kupata pensheni kwa asiyeona kutoka miaka 70 hadi 50 na kuzibebesha serikali za mitaa jukumu la ustawi wao. Pearson alikuwa amewaonyesha Waingereza kwamba asiyeona anaweza kufunzika. Waandamanaji ndio waliouliza kwa nini elimu hiyo ingojee bomu.

Na kama mfumaji wa Manchester alikuwa nje ya lango, mpagazi wa Kiambu au Murang'a alikuwa mbali zaidi. Katika vita hivyo hivyo makumi ya maelfu ya wanaume wa Kenya walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Wengi mno walikufa kwa kuhara, malaria na njaa, na mishahara ya wengi wa marehemu hao haikufikia jamaa zao. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Jumba kama la Regent's Park hawakuwa nalo.

Pearson hakuyaona yaliyofuata. Desemba 9, 1921, akiwa na umri wa miaka 55, aliteleza katika bafu nyumbani kwake London, akagonga kichwa kwenye mfereji, akazirai na kufa maji. Mtu aliyewafundisha mamia ya vijana kutembea gizani bila hofu aliuawa na bafu lake mwenyewe. Uenyekiti wa St Dunstan's ulimwendea Ian Fraser, kijana wa miaka 24, aliyeushika kwa zaidi ya nusu karne.

Vita vya pili vilipozuka, karibu Wakenya 100,000 walivaa sare na kupelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Safari hii Mwafrika hakuwa mpagazi tu. Alishika bunduki, na waliporudi wengi walijua kusoma gazeti na kudai haki. Aliyerudi bila macho alikuwa na dai ambalo kipofu wa kijijini hakuwa nalo, kwani kila mmoja alijua alikoyaachia. Ndipo Jeshi la Wokovu, lililokuwa limeingia Kenya mwaka wa 1921, lilipofungua kituo cha Thika.

Askari hao walikuwa wachache na hawakuongezeka. Watoto wasioona walikuwako katika kila wilaya. Kituo kikageuka shule, na mwaka wa 1956 ikaundwa kwa sheria Jumuiya ya Vipofu ya Kenya. Mwaka wa 1967 ikafunguliwa shule ya upili ya wasioona papo hapo Thika, ambayo watahiniwa wake hufanya mitihani ile ile ya kitaifa wanayofanya wenzao wenye kuona.

Upande wa Ruiru nako mali ya jeshi iliishia mikononi mwa wanafunzi. Kambi ya Templer, iliyokuwa ya wanajeshi wa Uingereza pale Kahawa, ilikabidhiwa serikali ya Kenya na mwaka wa 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hapo hufunzwa, pamoja na wengine, walimu wa elimu ya mahitaji maalumu.

Nayo St Dunstan's ilibadili jina mwaka wa 2012 ikaitwa Blind Veterans UK. Bado ni ya waliowahi kuvaa sare, ijapokuwa siku hizi humpokea hata yule ambaye macho yake yaliharibiwa na uzee au maradhi. Ile ya Thika ilichukua njia nyingine. Iliwaaga askari wake, ikabaki na watoto.