Rwagasore na mitaa ya Usumbura

Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alizaliwa Gitega mwaka 1932. Alisoma Astrida, kisha Ubelgiji.

Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, iligawanywa na wakoloni kwa rangi: Wazungu mtaa wao, Wahindi wao, Waafrika wao. Buyenzi ulikuwa mtaa wa Waswahili. Huko wanawake wa Kiislamu waliipinga kodi waliyotozwa wanawake ambao serikali iliwahesabu kuwa hawana waume.

Mwaka 1957 Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, kwa kuwa biashara kubwa ilishikwa na wageni. Alikuwa mtoto wa mfalme, lakini Waswahili wa mitaa hiyo walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Chama chake, UPRONA, kiliwakusanya Wahutu, Watutsi, Waganwa na Waswahili.

Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba aliuawa kwa risasi hotelini, akiwa na miaka 29. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, bila yeye. Kaburi lake liko Vugizo, kwenye kilima, na mitaa ya mji iko chini yake.