Nkrumah Hakukisahau Chuo Chake

Kwame Nkrumah alifika Chuo Kikuu cha Lincoln, Marekani, mwaka 1935, akiwa fukara. Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, mhitimu wa chuo hicho mwaka 1930, ndiye aliyemtangulia na kumtia moyo. Wote wawili walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, chama cha udugu wa wanafunzi weusi kilichoasisiwa mwaka 1914. Nkrumah alihitimu mwaka 1939. Mwaka 1951, miezi michache baada ya kutoka gerezani na kushika uongozi wa serikali ya Gold Coast, yaani Ghana, alirudi Lincoln kutunukiwa shahada ya heshima.

Je, wahitimu wetu? Wengi hukikumbuka chuo wanapopoteza cheti. Waama, udugu wa chuoni ni deni: hulipwa kwa kumshika mkono anayefuata nyuma.