Mtakatifu Bernardo, mlinzi wa wasafiri wa milimani

Huko Ulaya, kati ya nchi ya Italia na nchi ya Uswisi, imesimama milima mirefu iitwayo Alpi. Juu yake huanguka theluji, yaani maji yaliyogandishwa na baridi, meupe na laini kama pamba, yenye kufunika mawe, nyasi na njia. Watu wa Kongo wakaao karibu na milima ya Ruwenzori wameiona theluji kwa mbali, iking'aa juu ya vilele. Lakini watu wa Alpi hawakuitazama kwa mbali tu. Iliwapasa kuikanyaga kwa miguu yao. Maana tangu zamani za Warumi kulikuwa na njia iliyovuka milima hiyo, ikipanda mpaka kimo cha meta 2,469. Ndiyo njia waliyoifuata wachuuzi na mizigo yao, askari, maskini, na wahujaji waliokwenda Roma kusali penye kaburi la Mtume Petro.

Kwa wengi safari hiyo ilikuwa safari ya mauti. Wakati wa baridi theluji ilifuta njia isibaki alama hata moja, na ukungu ulimzuia mtu asimwone mwenziwe aliye mbele yake. Pengine theluji iliporomoka kwa ghafula kutoka juu, kama vile udongo unavyoporomoka mlimani siku za mvua kubwa, ikawazika watu wangali hai. Aliyechoka akaketi kupumzika alishikwa na usingizi, naye hakuamka tena. Na aliyeokoka na baridi aliweza kuangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Mwaka 972 hata Abati Mayolo wa Cluny, mtawa aliyeheshimiwa na wafalme, alikamatwa katika njia za Alpi, na watawa wake wakalazimika kumkomboa kwa mali nyingi.

Katika karne iliyofuata Mungu aliinua mtu wa kuwahurumia wasafiri hao. Jina lake ni Bernardo. Mapokeo ya zamani yasema kwamba alikuwa mwana wa bwana mkubwa wa ngome ya Menthon, karibu na ziwa la Annecy. Yasimulia kwamba baba yake alimchagulia mchumba wa ukoo bora, lakini kijana alikuwa amekwisha kumtolea Mungu moyo wake. Basi usiku wa kuamkia arusi akatoka kwa dirisha, akakimbia mpaka mji wa Aosta. Habari hizo ziliandikwa muda mrefu baada ya kufa kwake, na wataalamu wa historia hawazithibitishi zote; wengine wadhani kwamba alizaliwa Aosta kwenyewe. Lakini wote wakubali neno hili: Bernardo alikuwa padri mwenye bidii, akawa arkidiakono wa Aosta, maana yake msaidizi mkuu wa Askofu.

Mji wa Aosta uko chini ya njia ile ya mlimani. Bernardo hakukaa mjini tu kutunza mambo ya Askofu. Alivitembelea vijiji vya mabondeni, akahubiri Neno la Mungu kwa watu ambao mioyoni mwao bado mlikuwa na mizizi ya upagani. Penye kilele cha njia Warumi walikuwa wamejenga hekalu la mungu wao Yupita, na mlima wenyewe ulikuwa ungali ukiitwa kwa jina lake. Hekalu lilikuwa limebomoka, lakini hofu ilikuwa haijaondoka.

Bernardo alifahamu kwamba hofu haiondolewi kwa maneno matupu. Kumwombea marehemu ni tendo la huruma. Lakini kumfungulia mlango msafiri angali hai ni tendo la huruma pia, nalo haliwezi kungoja. Basi kadiri ya mwaka 1050 alianza kujenga nyumba ya wageni pale pale juu, mahali pa hatari kuliko pote. Watu wenye busara ya dunia wangaliijenga bondeni, penye miti na mashamba. Juu kule hakuna mti unaoota. Kuni na chakula vilipaswa kupandishwa kutoka mbali, na baridi hukaa karibu miezi 8 kila mwaka. Lakini msafiri hakuwa akifa bondeni. Alikuwa akifa kileleni, na kwa hiyo nyumba ilisimama kileleni.

Humo Bernardo aliweka watumishi wa Mungu waliokaa kwa jamaa moja. Baadaye jamaa hiyo ilishika Kanuni ya Mtakatifu Agostino. Kazi yao ilikuwa mbili ambazo kwa kweli ni moja: kumsifu Mungu katika kanisa, na kumpokea Kristu katika mgeni. Mlango haukufungwa kwa ufunguo, mchana wala usiku. Tajiri na maskini walipewa mkate, moto na kitanda. Hakuna aliyeulizwa kwanza taifa lake wala dini yake. Mapokeo yasema kwamba Bernardo alianzisha na nyumba ya pili ya namna hiyo katika njia nyingine ya Alpi.

Uzee haukumpumzisha. Mwaka 1081 Mfalme Henriko wa Nne alikuwa akishindana na Papa Gregorio wa Saba, akataka kumwendea Roma kwa vita. Yasimuliwa kwamba Bernardo alishuka mpaka mji wa Pavia, akamsihi Mfalme aache shauri hilo baya. Mfalme hakusikia. Bernardo akashika njia ya kurudi, lakini ugonjwa ukamlaza katika mji wa Novara, akafa huko mwezi wa Juni mwaka ule ule. Yeye aliyewapa wengi makao njiani, mwenyewe alifia njiani, katika nyumba ya wageni wake, watawa wa mji ule.

Picha nyingi humwonyesha Bernardo pamoja na mbwa mkubwa miguuni pake. Kweli ni kwamba mbwa hao walifika miaka mingi baada yake. Walikuwako katika nyumba ile tangu mwisho wa karne ya 17. Kwanza walilinda mlango. Kisha watawa na waongozi wa njia walianza kutembea nao mlimani, wakaona mambo ya ajabu. Mbwa alitangulia, akikata theluji kwa kifua chake kipana, na watu wakafuata nyayo zake. Hata njia ilipokuwa imefichwa, yeye hakupotea. Pua yake ilimtambua mtu aliyezikwa chini ya theluji. Alichimba kwa miguu, akabweka, na waongozi wakaja kumtoa. Mmoja wao, jina lake Barry, aliyezaliwa mwaka 1800, husifiwa kwamba alisaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Alipozeeka alipelekwa mji wa Bern, akafa huko mwaka 1814. Kipipa cha pombe kinachoonekana shingoni mwa mbwa hao ni nyongeza ya wachoraji. Kazi waliyofanya haihitaji pambo.

Mwaka 1681 Papa Inosenti wa Kumi na Moja alimwandika Bernardo katika hesabu ya Watakatifu. Mwaka 1923 Papa Pio wa Kumi na Moja alimfanya mlinzi wa wakaao na wasafirio katika Alpi na wa wote wapandao milima. Papa huyo aliijua hatari ya mlima, kwa kuwa mwaka 1889, alipokuwa padri kijana, alipanda Monte Rosa, mmoja wa milima mirefu kabisa ya Alpi. Tangu mwaka 1964 magari hupita chini ya mlima ndani ya pango refu lililochimbwa na watu, na tangu mwaka 2005 mbwa hutunzwa na shirika lingine bondeni, ila wengine hupandishwa juu wakati wa joto. Lakini watawa wangali kileleni, na mlango wao ungali wazi.

FUNDISHO. Bernardo hakuiondoa theluji, wala hakuushusha mlima. Aliweka nyumba yenye moto mahali ambapo watu walikuwa wakifa. Katika kila kijiji pana mahali kama hapo: penye mjane asiye na mtu wa kumtekea maji, penye mgonjwa anayeogopwa na majirani, penye mgeni anayefika usiku wakati milango imefungwa. Mkatekumeni anayejifunza sala zote kwa moyo, lakini amempita mtu huyo njiani, hajafika bado anakokwenda. Siku ya hukumu Yezu atatuuliza kama tulimpokea alipokuwa mgeni. Ninyi mnaopanda polepole kuelekea Ubatizo, msimwache nyuma aliyechoka. Mtakatifu Bernardo, utuombee.