Hugo Gernsback
Hugo Gernsback (Luxemburg, 16 Agosti 1884 – New York, 19 Agosti 1967) alikuwa mchapishaji na mwandishi wa Marekani. Alihamia huko mwaka 1904.

Mnamo Aprili 1926 alianzisha Amazing Stories, jarida la kwanza la Kiingereza lililohusu bunilizi ya kisayansi pekee. Hadithi nyingi za mwanzo zilikuwa za zamani, zikiwemo za Jules Verne na H. G. Wells. Kilichoacha alama kubwa zaidi ni ukurasa wa barua: wasomaji walisifu hadithi moja, wakaikosoa nyingine, wakabishana kama sayansi iliyomo ni sahihi. Kwa kuwa anwani zao zilichapishwa pia, walianza kuandikiana wao kwa wao, na baadaye wakaunda klabu.

Waandishi walimwona tofauti. Aliwalipa kidogo tena kwa kuchelewa, hata wengine wakamdai kupitia mawakili. Mwaka 1929 kampuni yake ilifilisika na jarida likachukuliwa na wengine.

Hata hivyo Tuzo ya Hugo, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1953, ina jina lake. Washindi wake huchaguliwa kwa kura za wapenzi wa bunilizi hiyo.