Francis Parker, Mwalimu wa Walimu

Francis Wayland Parker alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la New Hampshire, Marekani, akaanza kufundisha angali kijana wa miaka 16. Mwaka 1875 alikabidhiwa usimamizi wa shule za mji wa Quincy. Huko alipiga vita kukariri. Watoto walitoka nje kuchunguza mimea na ardhi, kisha wakaandika na kuchora waliyoyaona. Wapinzani walidai kuwa watoto hao hawangejua kusoma. Ukaguzi wa mwaka 1879 ulionyesha kwamba waliwapita wenzao wengi kwa kusoma na kuandika.

Mwaka 1883 Parker alihamia Chicago kuongoza chuo cha ualimu. Mwaka 1901, kwa fedha za Anita McCormick Blaine, ilifunguliwa huko shule ya kutwa, isiyo ya serikali, yenye jina lake. Parker alifariki mwaka 1902, shule ingali changa. Lakini haikuyumba, kwani Flora Cooke, aliyewahi kufundisha chini yake, aliiongoza hadi mwaka 1934. Hadi leo huwaandaa vijana kwa vyuo vikuu.

Basi sisi walimu tuzingatie: njia bora ya kufundisha hudumu kwa walimu walioielewa, si kwa majengo.